Baba haoni tena: ni vipindi gani vya runinga anavyoweza kuvifuata kwa masikio tu?

Nekesa wa Miwa aliandika:

Hamjambo nyote. Nina swali ambalo limeninyima raha tangu Krismasi.

Baba yangu ana miaka 74. Maisha yake yote ya kazi aliendesha trekta la kuvuta miwa huku kwetu Mumias. Presha ya macho ilimwanza polepole, ikila kutoka pembeni, bila maumivu yoyote, na tulipofika kwa daktari jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia limefuata mwaka jana. Sasa huketi kwenye kiti chake kile kile, uso ameuelekeza kwenye TV, na mdogo wangu humwekea chochote kinachopita. Krismasi nilimwona akicheka baada ya sisi kucheka. Kila mara, sekunde moja au mbili nyuma. Alikuwa anatufuata sisi, si kipindi.

Naomba mnisaidie kupata vipindi vya Kiswahili ambavyo mtu asiyeona anaweza kuvifuata mwenyewe, bila kuegemea kicheko cha wengine. Redio anayo na anaipenda. Lakini saa mbili usiku familia yote iko mbele ya TV, na hataki kuachwa chumbani peke yake na redio. Hilo amelisema wazi.

Kipindi changu cha kwanza moyoni, na ambacho nadhani kinafaa, ni Vioja Mahakamani, kile kichekesho cha Kenya cha kesi za mahakamani. TV yetu ilikuwa Great Wall ya inchi 14, nyeusi na nyeupe, ikitumia betri ya gari. Baba aliifunga betri nyuma ya baiskeli akaipeleka sokoni kuchajiwa. Kaka yangu alisimama nje akizungusha antena, mimi dirishani nikipokezana maneno: bado, bado, hapo hapo, umepitisha, rudisha! Chenga zikitulia, watoto wa majirani walikuwa wameshajaa sakafuni. Nyumbani tulisema Kiluhya. Kizimba, shahidi, dhamana, mshtakiwa, hayo yote niliyapata kwa wahusika wake, akina Makokha na Ondiek Nyuka Kwota, kabla mwalimu hajayafikia. Leo mimi ni mkalimani mahakamani. Kila asubuhi namsomea mtu mashtaka yake, kisha namuuliza, "Ni kweli au si kweli?" na najua kabisa sauti hiyo niliianza wapi. Januari 2022, Gibson Gathu Mbugua aliyekuwa kiongozi wa mashtaka katika kipindi hicho alipofariki, niliingia kazini nikiwa na huzuni ya mtu aliyefiwa na mwalimu.

Juzi nilifumba macho nikasikiliza kipindi kimoja kizima. Nilifuata kila kitu! Nikatambua sababu, kwa kuwa ndiyo kazi yangu. Mahakamani jambo lisiposemwa halimo. Shahidi akisema "alinipiga hapa" huku akijishika, ni lazima mtu aseme kwa mdomo: anaonyesha bega la kushoto. Maigizo ya mahakama yamerithi tabia hiyo.

Kisha nikajaribu kichekesho cha Papa Shirandula, ambacho baba alikipenda kuliko vyote. Mtakumbuka Papa alikuwa mlinzi wa lango huku mkewe Wilbroda akiamini mumewe ni mtu wa ofisini. Utamu mwingi uko kwenye zile nguo: suti ya nyumbani, sare ya kazini, na hofu ya kukutwa katikati. Kwa masikio, suti haina sauti. Nilisikitika, maana marehemu Charles Bukeko, aliyemwigiza Papa, alikuwa ametuchekesha miaka mingi, na tangu afariki Julai 2020 baba humtaja kama jirani aliyehama.

Basi nambieni. Kipi kingine?

Mzee wa Antena alijibu:

Binti yangu, umeruka Vitimbi, kile kichekesho cha zamani! Mzee Ojwang' alikuwa wa masikio kuliko wa macho. Benson Wanjau aliyemwigiza alikuwa Mkikuyu, na bado alikishika Kiswahili cha Mjaluo mpaka watu wa Kisumu walimdai kuwa wao. Mtu hafanyi hivyo kwa kofia na suruali, anafanya kwa ulimi. Na mkewe wa kwenye kipindi, Mama Kayai, yaani Mary Khavere, akianza kumgombeza, huhitaji picha kujua Ojwang' anatafuta mlango. Tena Wanjau mwenyewe macho yalimsumbua sana miaka ya mwisho kabla hajafariki mwaka 2015, Wakenya wakachanga pesa za matibabu. Mwambie baba yako hilo.

Jambo la pili ni mpira. Msimwekee sauti ya TV. Mtangazaji wa TV hunyamaza kwa sababu anajua unaona. Sisi tuliolelewa na Leonard Mambo Mbotela redioni tulijua mpira uko upande gani wa uwanja, uko kwa nani na amegeukia wapi. Acheni picha kwa ajili yenu, zimeni sauti yake, washeni redio. TV ya king'amuzi itachelewa nyuma ya redio kidogo, kwa hiyo baba atajua bao kabla yenu. Mwacheni awe wa kwanza kupiga kelele.

Mwana wa Tanga alijibu:

Dada Nekesa, pole sana, na shikamoo zangu zimfikie mzee.

Mimi ningekwambia utafute tamthilia zilizoingizwa sauti za Kiswahili. Mwaka 2011 TBC, runinga ya taifa ya Tanzania, ilionyesha ile ya Kichina ya Doudou na mama wakwe zake. Bibi yangu, ambaye hajawahi kupanda hata meli ya Pemba, alikaa akamtetea msichana wa Beijing kama mjukuu wake. Doudou ana mama wakwe wawili, kwa sababu wazazi wa mumewe waliachana na baba mkwe akaoa tena. Ugomvi wote ni wa maneno mezani: nani kapika, nani kadharauliwa, nani kapewa zawadi kubwa. Hata Rais Xi Jinping alipohutubia Dar es Salaam Machi 2013 aliitaja.

Sultan, ile ya Kituruki iliyoonyeshwa na Azam TV, ni tamu pia, Kiswahili chake kimenyooka, ila majumba na mavazi ndiyo nusu ya raha, na watu ni wengi mno. Mzee atapotea wiki ya kwanza. Na Siri ya Mtungi naipenda kupita kiasi, lakini Cheche, mhusika mkuu, ni mpiga picha, na tamthilia yenyewe imepigwa kwa jicho la mpiga picha: mwanga, mitaa, nyuso zinazonyamaza. Hiyo siipendekezi kwa baba. Imeniuma kuiandika sentensi hiyo.

Fimbo Nyeupe alijibu:

Nilipoteza macho nikiwa na miaka 19, sasa nina 41, na naangalia TV kila siku. Nasema "naangalia" na sitaki neno jingine.

Dada, umegusa sababu kubwa ulipozungumzia mahakama, ila ongeza nyingine: idadi ya sauti. Watu wanne au watano wenye sauti zinazotofautiana, baba atawashika siku moja. Ndiyo maana nakupinga kuhusu Papa Shirandula. Usikitupe. Awinja nilimjua kabla hajamaliza sentensi ya kwanza, Njoro vilevile, kila mmoja anakuja na lafudhi yake kama mtu anayebisha hodi. Suti kweli haina sauti. Lakini baba yako aliiona suti hiyo miaka mingi. Anayo kichwani. Mimi vipindi nilivyovipenda nikiwa naona ndivyo ninavyovifuata kwa urahisi zaidi hadi leo, kwa kuwa nyumba, viti na sura vyote ninavyo. Mpeni vya zamani kwanza, vipya baadaye.

La muhimu zaidi ni mtu wa kumketia kando. Mmoja, si familia nzima. Asisimulie juu ya maneno ya waigizaji. Asubiri pengo, aseme maneno matatu: "amevaa sare", "Wilbroda ameingia", "ameficha barua". Basi. Asimweleze kwamba inachekesha. Na asiseme "ungeona!" Dada yangu alikuwa akiniambia hivyo kwa upendo mtupu, na kila mara nilitamani kuondoka sebuleni.

Nekesa wa Miwa alijibu:

Fimbo Nyeupe, nimesoma ujumbe wako mara tatu, mara ya tatu kwa sauti mbele ya mdogo wangu, maana "ungeona" ndilo neno lake. Ameinamisha kichwa. Asante, ndugu yangu.

Jumamosi tulijaribu. Nilianza na Vioja kwa sababu nilitaka nione kwanza bila kumsaidia. Nilikaa mbali, nikanyamaza. Kesi ilikuwa ya deni. Shahidi wa pili alipoulizwa kama alikuwepo pesa zikihesabiwa, baba akasema kwa Kiluhya, "Huyo anadanganya, amemeza mate kabla ya kujibu." Sisi watatu tuliokuwa tukitazama skrini hatukuwa tumelisikia hilo. Tulirudisha nyuma, na ni kweli, amemeza mate! Baba akataka tuendelee upesi ajue hakimu ataamuaje, akatukatalia kurudisha tena.

Kisha Papa Shirandula, mimi nikiwa kando yake. Nilisema "sare", nikasema "Wilbroda mlangoni", nikanyamaza. Alicheka wakati wake. Baadaye akaanza kunisahihisha: "Najua, nimesikia viatu vyake." Kwa hiyo nimepunguza hadi maneno mawili.

Mzee wa Antena, nilimwambia habari za macho ya Ojwang'. Alikaa kimya kidogo, kisha akauliza kama aliendelea kuigiza. Sikuwa na jibu la kumpa, nikamwahidi kukuuliza wewe. Na mpira, AFC Leopards wakicheza tena tutafanya ulivyosema, redio nimeshainunulia betri mpya.

Doudou sijaipata. Mwana wa Tanga, ukiiona popote ikiwa na sauti za Kiswahili, niandikie hapa. Mama yangu naye ameshasikia kwamba kuna mama wakwe wawili ndani, na ananiuliza kila jioni.