Naombeni ushauri: imeili inataka namba za uthibitisho, laini sina tena, na usaili ni Jumatano ijayo

Binti Chamazi
Wakuu habari za jioni. Nina shida na akili yangu imegota. Imeili yangu ya Gmail ninaitumia tangu 2018 nikiwa chuo cha ualimu. Paswedi ninaikumbuka, haijabadilika hata herufi moja. Tatizo nikiingiza kwenye simu mpya inaniambia imetuma meseji yenye tarakimu sita kwenye namba inayoishia na 47. Laini hiyo sina. Simu iliibiwa mwezi wa tisa pale Mbagala Rangi Tatu nikishuka kwenye daladala, nilishtuka mkoba uko wazi.

Sasa jina langu limetoka kwenye tangazo la kuitwa kwenye usaili. Namba ya mtihani inapatikana ndani ya akaunti yangu ya Ajira Portal, ule mfumo wa serikali wa kuomba kazi. Paswedi ya huko nimesahau, na nikiomba kuibadilisha, kiungo kinatumwa kwenye imeili hiyohiyo iliyofungwa. Nimesubiri usaili huu miaka minne, nikijitolea kufundisha kwa posho ya nauli.

Ninachouliza: kuna programu ya imeili ambayo ukiweka paswedi inafungua bila kuomba zile namba sita? Nimejaribu Outlook, nimejaribu Thunderbird kwenye kompyuta ya jirani, zote zinanirudisha ukurasa uleule. Naombeni msinitukane.

Fundi Waya
Pole dada. Programu haina kosa. Zamani ungeweza kuweka paswedi tupu kwenye programu yoyote ikafungua, lakini Google walifunga njia hiyo Mei 2022. Siku hizi Thunderbird, Outlook au nyingine yoyote inakupeleka mlango uleule wa Google, na ukishawasha uthibitisho wa hatua mbili mlango huo unataka vitu viwili: unachokijua, yaani paswedi, na ulichonacho, yaani laini au simu. Wewe una kimoja.

Dawa yako ni nyepesi. Nenda duka la mtandao wako wa simu, weka kidole, laini inarudi na namba ileile. Meseji itaingia, umemaliza.

Sharo wa Tandika
Dada ukishaandika "msinitukane" humu ujue umeshawaita wenyewe. Mimi nakaa pembeni na karanga zangu.

Mzee wa Pugu
Mambo haya yamenikuta. Mwaka 2016 kijana wangu anaomba mkopo wa chuo, tukaenda steshenari, kijana wa pale akatufungulia imeili kwa haraka haraka. Akaweka namba yake ya simu, paswedi akatunga mwenyewe, akatuandikia kwenye kipande cha karatasi ya risiti. Baada ya mwaka mmoja karatasi imefutika wino, steshenari imefungwa, pale pamekuwa saluni. Tulimtafuta kijana yule mpaka Kisarawe kwa bibi yake. Tulimpata anachoma mkaa, akacheka, akasema imeili alizofungulia watu hazihesabiki na zote paswedi ni jina la timu yake na namba tatu. Nikawaza, watu wote wale wanalala usingizi na ufunguo wa nyumba yao anao mchoma mkaa. Vijana wa leo hampendi kufanya kitu chenu wenyewe, kila kitu mnamwachia mtu.

Binti Chamazi
Asanteni. Fundi, dukani kwa mtandao nilishakwenda, ilishindikana, hilo tuliache. Nimesikia kuna namba za akiba, za kuweka badala ya zile za meseji. Zinapatikanaje?

Mama Nasra
Namba za akiba zinatolewa ukiwa ndani ya akaunti, mwanangu, si ukiwa nje. Zinakuja kumi, kila moja ina tarakimu nane, na kila moja inatumika mara moja tu. Mimi nilizinakili kwa kalamu nikaziweka kwenye bahasha ya kadi za kliniki za watoto, kwa sababu najua bahasha ile hata nyumba ikiungua nitatoka nayo. Wewe hukuzichapa?

Binti Chamazi
Hapana mama. Sikujua zipo.

Fundi Waya
Turudi kwenye "ilishindikana". Ilishindikana kwa nini? Mfumo ulikuwa chini? Kidole kilikataa? Namba imeshauzwa kwa mtu mwingine? Kila jibu lina njia yake, nami siwezi kukushauri gizani.

Fundi Waya
Bado upo? Nakuuliza tena kwa nia njema.

Binti Chamazi
Nipo, nilikuwa natafuta bando. Sawa. Laini haikusajiliwa kwa jina langu. Mnakumbuka Januari 2020, tuliambiwa mwisho ni tarehe 20, laini zisizosajiliwa kwa alama za vidole zinazimwa. Namba yangu ya NIDA ilikuwa haijatoka. Dada niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja akaniwekea kidole chake, wengi tulifanya hivyo. Kwa hiyo dukani wanamtaka yeye mwenyewe.

Lakini hilo nimeshalitafutia njia nyingine. Nimempata mtaalamu Telegram, anafungua Gmail yoyote kwa 120,000, na nimeshatanguliza 50,000. Anataka 70,000 iliyobaki kesho asubuhi. Nilichotaka kujua ni hiyo programu tu, ili nisimalizie hiyo sabini kama kuna njia ya bure.

Mama Nasra
Yesu na Maria. Mwanangu, usitume.

Fundi Waya
Usitume hata shilingi. Huyo hana mlango wa nyuma wa Google, wala hakuna mfanyakazi wa Google anayefungua akaunti za watu kwa siri Telegram. Njia ya kurejesha akaunti ni ukurasa wao wenyewe, na ni bure. Kesho akishapokea 70,000 atakwambia seva imegoma, inahitajika 40,000 ya kufungulia. Niambie ukweli, ulimtumia nini kingine?

Binti Chamazi
Picha ya kitambulisho cha NIDA, mbele na nyuma, alisema ni ya kuthibitisha umiliki. Na paswedi. Lakini jamani msimhukumu msiyemjua. Grupu lake lina watu zaidi ya elfu nne, na kila siku watu wanaweka picha za skrini wakimshukuru. Ananijibu kwa heshima, ananiita dada, hanisumbui. Mnaosema usitume, mmenipa njia gani mpaka sasa?

Mzee wa Pugu
Zamani tapeli alikuwa anatuma "ile hela tuma kwenye namba hii", nasi tunacheka. Sasa tapeli ana grupu na ushuhuda kama mkutano wa injili. Shida ni tamaa ya njia ya mkato.

Kachero wa Mtaa
Wakuu naomba tusimame kidogo. Someni uzi huu tangu juu. Simu huna. Laini si ya jina lako. Mwenye laini unamjua, mlikaa chumba kimoja, lakini humpigii. Unatafuta programu inayoruka uthibitisho. Umemlipa mtu avunje akaunti.

Mimi nasema ama hii ni chai, tena yenye tangawizi, ama imeili hii si ya kwako. Ni ya huyo dada mliyekaa naye chumba kimoja. Paswedi uliiona akiandika. Sasa unatafuta namna ya kuingia, na sisi humu tunakufundisha. Kuingia kwenye akaunti ya mtu bila ruhusa ni jinai chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015. Fundi, acha kutoa darasa mpaka tujue tunamfundisha nani.

Sharo wa Tandika
Duh. Karanga zimenikwama.

Fundi Waya
Kachero ana hoja, siwezi kuipuuza. Ila nililomwambia mpaka sasa ni aende dukani na mwenye laini. Mwizi wa akaunti ushauri huo haumsaidii kitu.

Kachero wa Mtaa
Ndiyo maana anaukwepa. Mtu mwenye haki angekuwa dukani tangu mwezi wa tisa.

Binti Chamazi
Nina karatasi ya polisi ya upotevu wa simu ya mwezi wa tisa. Imeili ina jina langu la cheti. Sikuja humu kudanganya mtu.

Mama Nasra
Mimi nakuamini, lakini Kachero ameuliza kitu ambacho sote tunakiona. Kwa nini humpigii huyo dada? Sema tu. Humu hakuna anayekujua sura.

Binti Chamazi
Nimeandika nikafuta mara tatu.

Tulikuwa na mchezo wa upatu, watu kumi, 40,000 kila mwezi. Yeye ndiye alikuwa kijumbe. Zamu yangu ilikuwa ya tatu, nikapokea fedha zote, nikalipa kodi ya chumba na deni la dawa za mama. Nikaendelea kutoa mpaka mwezi wa sita. Wa saba nilikosa, nikamwambia nitatoa. Wa nane nikahama. Nilihama mchana yuko sokoni, nikabeba godoro na ndoo, sikumuaga. Miezi minne iliyobaki nasikia aliitoa yeye mfukoni, kwa sababu watu walimdai yeye. Anakaanga samaki, mtaji wake wote unaingia kwenye beseni moja. Ni 160,000.

Kwa hiyo nimpigie nimwambie nini? Njoo uniwekee kidole?

Mama Nasra
Mwanangu. Ulikuwa tayari kumpa mtu usiyemjua 120,000, na 50,000 umeshatoa, ili usimwone mtu anayekudai 160,000 ambaye ndiye mwenye ufunguo.

Binti Chamazi
Mgeni hanitazami usoni, mama.

Kachero wa Mtaa
Dada nimekusoma. Kuhusu imeili kuwa ya kwako, naondoa neno langu na nakuomba radhi. Chai ya namna hii mtu hawezi kutunga, aibu yake ni ya kweli.

Mzee wa Pugu
Mke wangu amekuwa kijumbe miaka kumi na mmoja. Kijumbe akikimbiwa anaacha kula na sisi mezani. Sisemi zaidi.

Fundi Waya
Kuna jambo linanitisha kuliko usaili. Laini ile hamkuifunga, maana aliyetakiwa kuifunga hakuambiwa. Kwa hiyo aliyeiba simu akiichomoa na kuiweka kwenye simu nyingine, zile tarakimu sita zinaweza kumfikia yeye. Ipige sasa hivi usikie.

Binti Chamazi
Nimepiga. Haipatikani.

Fundi Waya
Afadhali. Lakini laini ikikaa kimya muda mrefu mtandao huirudisha sokoni, basi hapo hata kijumbe akija na vidole kumi haitasaidia. Usichelewe. Ikirudi tu, ile ya mwizi inakufa.

Siku ukiingia, badilisha paswedi kwanza, maana tapeli anayo. Kisha toa namba ya zamani uweke yako iliyosajiliwa kwa kidole chako, na laini ya zamani msiitupe haraka, kwa sababu Google wanaweza kuendelea kutuma uthibitisho kwenye namba ya zamani kwa siku saba baada ya mabadiliko. Angalia vifaa vilivyoingia, ondoa usivyovijua. Ingia pia kwenye mipangilio ya kusambaza barua na vichujio; watu wengi wanasahau hapo, mwizi akishaweka kichujio anaendelea kupata nakala za barua zako hata ukibadilisha paswedi mara kumi.

Na kitambulisho ulichotuma: piga *106# uone namba zote zilizosajiliwa kwa NIDA yako, rudia kila baada ya wiki chache. Namba ya tapeli itume 15040. Ukianza kupata meseji za kudaiwa mkopo usioujua, usilipe kwa kuogopa, nenda polisi. Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu na majukwaa 69 ya mikopo yasiyo na leseni, na wakopeshaji wa aina hiyo hawaulizi mengi wakishapata picha ya kitambulisho.

Sharo wa Tandika
Mimi nilikuja kucheka, sasa nimepiga *106#. Kuna laini moja siijui kabisa. Fundi nisaidie na mimi.

Fundi Waya
Sharo, kesho asubuhi duka la mtandao huo, waambie waiondoe kwenye jina lako. Binti, vipi?

Binti Chamazi
Wakuu, leo ni Jumamosi jioni. Nimekwenda.

Sikupiga simu, niliona nikipiga nitakata mwenyewe. Nilimkuta palepale Rangi Tatu mbele ya karai, amejifunga kanga kiunoni. Akaniangalia, akageuza samaki, akaniangalia tena. Nikamkabidhi ile 70,000 niliyokuwa nimpe mtu wa Telegram, nikamwambia 90,000 nitaimaliza kwa awamu tatu. Akazihesabu. Akasema, "Ungeniaga tu." Basi. Hakusema lingine mpaka samaki wa kwenye karai walipoisha.

Nikamweleza ya laini. Nilidhani atakataa. Akamwachia jirani beseni, tukavuka barabara. Dukani mashine ilikataa kidole chake mara mbili kwa sababu ya mafuta. Yule binti wa dukani akaanza kusema turudi Jumatatu. Dada akafuta kidole kwenye kanga, akakipuliza, akakisugua ukutani kama anawasha kiberiti, akabonyeza tena. Ikakubali.

Meseji iliingia tukiwa bado tumekaa kwenye benchi. Tarakimu sita. Nimebadilisha paswedi, kichujio hakuna, na namba za akiba kumi nimezinakili kwenye daftari la maandalio ya somo. Namba ya mtihani ninayo. Yule wa Telegram nimemfungia. Ile hamsini imekwenda.

Mama Nasra
Nimesoma nikiwa jikoni, nimezima jiko kwanza. Jumatano nenda mapema, beba kitambulisho na vyeti halisi.

Kachero wa Mtaa
Hongera dada. Hiyo 90,000 tutakuuliza humu mwisho wa mwezi.

Binti Chamazi
Mniulize. Ila kuna moja limebaki. Dada ameniona nikibadilisha paswedi, akaniambia na yeye ana imeili, alifunguliwa steshenari wakati wa kusajili biashara yake, hajawahi kuingia tena. Anauliza kama mnaweza kumsaidia.

Fundi Waya
Aje. Aanze kwa kutuambia namba ya simu iliyowekwa ni ya nani.