Wanzuki ya Tabora ina nafasi kwenye mashindano ya bia na saida huko nje?

MamaNdoo_Ipuli:
Habari za humu. Mimi nipo Ipuli, Tabora mjini, napika wanzuki mwaka wa kumi na moja sasa. Asali natoa Sikonge, ndoo ya lita 20, hamira kidogo, siku ya tatu watu wanagonga geti. Juzi mteja kaniletea bia ya nje, shingoni imechapwa medali tatu za dhahabu utadhani jenerali. Nikaonja. Nzuri, lakini dhahabu tatu?! Wanaonja akina nani hao? Na yangu wakiipata wataiweka fungu gani, maana bia ni shayiri, saida ni tufaha, mimi nina asali tupu.

Nilishatuma chupa mbili Dar kwa mdogo wangu, kwa basi. Moja ikapasukia kwenye buti hapo Manyoni, ikaloweka begi la mtu la mitumba. Elfu arobaini nililipa, na matusi juu.

Kibuyu88:
Mama, wanzuki ikikaa kimya kwenye chupa ujue umekoroga juisi 😂

MpimaChachu:
Shikamoo mama. Nimekaa maabara ya kiwanda cha bia miaka sita, naomba nichangie.

Medali hazifanani. Monde Selection ya Brussels, ipo tangu 1961, kila kinywaji kinapimwa peke yake. Kikifikisha alama kinapewa dhahabu, hata kama wengine kibao wameshapewa. World Beer Cup ya Marekani, iliyoanza 1996, ni vita kweli: kila aina ya bia ina dhahabu moja, fedha moja, shaba moja. Mwamuzi haoni chupa, anawekewa glasi yenye namba. Ile ya Waingereza, International Brewing Awards, iliyoanza 1886, mimi ndiyo naiheshimu zaidi, kwa sababu wanaoonja ni wapishi wa bia wenyewe, watu wenye kazi viwandani. Kwa hiyo kabla ya kushtuka, soma medali imetoka wapi.

Yako siyo bia wala saida. Ni mvinyo wa asali, Waingereza wanaita mead, na una fungu lake. BJCP, chama cha Marekani cha tangu 1985 kinachopima waamuzi kwa mtihani, kina miongozo ya vyote vitatu. Alama ni 50. Kwa mead: harufu 10, mwonekano 6, ladha 24, na 10 za jumla. Utatakiwa kusema mapema: kavu, tamu kiasi au tamu; imetulia au ina gesi; nyepesi, ya kawaida au kali.

MamaNdoo_Ipuli:
Marahaba mwanangu. Kwa hiyo ukungu wa wanzuki yangu wote unaniondolea 6 tu? Miaka yote hii nachuja kwa kanga mara mbili!

MpimaChachu:
Sita tu, na hazitaondoka zote. Kinachokuangusha ni ile siku ya tatu. Unauza ikiwa bado inachemka. Ukiifunga, chachu inaendelea kula sukari na gesi haina pa kutokea. Ndiyo Manyoni hiyo. Iache imalize. Pima kwa haidromita, kile kifaa kinachoelea cha kupima sukari iliyobaki. Ikisoma namba ileile siku kadhaa mfululizo, ihamishie chombo kingine uache masimbi chini, ikae miezi, ndipo ufunge. Hamira ya mkate nayo inaacha harufu ya unga, na harufu ina 10.

Kibuyu88:
Miezi? Ipuli? Labda uifungie polisi.

MamaNdoo_Ipuli:
Kibuyu nyamaza. Nitatenga ndoo moja, niifiche chini ya kitanda cha bibi, hapo hakuna mlevi anathubutu. Zingine siku ya tatu kama kawaida, ada ya shule haingoji haidromita. Nayo mwanangu inauzwa wapi? Na safari hii kama kuna mtu anakwenda Dar na gari lake binafsi aseme, basi mimi sipandishi tena kitu.