Tupeane uzoefu: mgomo uliokukwamisha safarini, hasa msimu wa sikukuu

Mwanzisha uzi (Mtwara mjini)

Wakuu wa Kusini, salaam kwenu. Minada ya korosho imeanza kulipa, watu wanakata tiketi za Desemba, na maneno ni mengi kuliko viti. Juzi kijiweni hapa Magomeni jamaa mmoja alisema mpwa wake aliyeko Ulaya hana uhakika wa kuja kula Krismasi Masasi, kwa sababu wafanyakazi wa kiwanja cha ndege kule wanatishia kugoma. Mzee mmoja akadakia, "Wafukuzwe wote!" Kijana aliyekuwa anamimina kahawa akamuuliza, "Shikamoo mzee, halafu mabegi atabeba nani?" Kijiwe kikagawanyika hapohapo.

Mimi nikakumbuka Nairobi, 11 Septemba 2024. Wafanyakazi wa kiwanja cha Jomo Kenyatta waligoma kuanzia usiku wa manane, wakipinga mpango wa kuikodisha kampuni ya Adani ya India kiwanja kile kwa miaka 30. Chama chao kilishatoa notisi tangu Agosti, kikaahirisha kupisha mazungumzo, abiria wakajisahau. Kulipokucha foleni zilikuwa zimetoka nje ya jengo. Jioni yake makubaliano yakasainiwa, kazi ikarejea, na Novemba Rais Ruto akaufuta mpango wenyewe. Mitandaoni siku ile wapo waliowalaani wagomaji, wapo waliowapigia makofi, na wapo waliofanya yote mawili kutegemea ndege yao imeondoka au haijaondoka.

Sasa tiririkeni. Kiwanja cha ndege, basi, meli, vyovyote. Sema ulikuwa wapi, uliponaje, na ulimkasirikia nani. Hilo la mwisho ndilo ninalolitaka hasa.

Binti Nachingwea

Mkuu, siku hiyo ya Nairobi nilikuwemo. Nilikuwa namrudisha mama kutoka India kwenye matibabu ya macho, tunaunganisha kwenda Dar, kesho yake tushuke Mtwara. Tulitua salama. Shida ilianza ndani: kaunta ya wanaounganisha haina mtu, ubao wa safari umeganda, watu wamejilaza sakafuni. Nilimtandikia mama kanga karibu na ukuta, pale penye soketi, maana kila soketi ilikuwa na ukoo wake. Jicho moja lina bandeji, la pili analitumia kuangalia mabegi.

Kwa mbali tunasikia mavuvuzela na nyimbo za kumtaka Adani aondoke. Mama akauliza wanadai nini. Nikamweleza habari ya miaka thelathini. Akasema, "Thelathini? Na huyo anayekodisha, yeye mwenyewe atakuwepo?" Wakenya waliokaa karibu walicheka, ndiyo mara ya kwanza naona mtu anacheka tangu tushuke kwenye ndege.

Kuhusu hasira. Shirika letu (silitaji) lilikuwa na kijana mmoja tu pale, amezungukwa kila upande, hajui lolote, simu anapiga haipokelewi. Abiria wakamtukana yeye. Mama akaniambia, "Mwanangu, huyo naye ana mkubwa wake. Mkubwa wake yuko wapi?" Hakutokea mpaka tunaondoka usiku. Hata ujumbe wa simu hatukutumiwa. Kwa hiyo mimi sikuwakasirikia wagomaji. Wao walisema wanachotaka, tena kwa vuvuzela. Nililikasirikia shirika lililochukua nauli yangu likanyamaza.

Mzee wa Kambakochi (Mikindani)

Pole kwa mama, binti yangu. Ila mimi huruma kwa wagomaji sina, na niseme wazi msije mkasema hamkusikia.

Nakusanya kambakochi kwa wazamiaji wa Msimbati na huku Mikindani, mzigo unakwenda Dar, unapakiwa na tajiri kwenda nje ukiwa hai. Wiki mbili kabla ya Krismasi ndiyo msimu wetu, wanunuzi wanapandisha bei. Mwaka mmoja mzigo ukakwama Dar kwa sababu kiwanja ulikokuwa unakwenda kimegoma. Kambakochi hajui habari za chama cha wafanyakazi. Unafungua boksi, unamshika mgongoni: akikunja mkia kwa nguvu ni mzigo, mkia ukining'inia ni kitoweo. Tulifungua boksi baada ya boksi, mikia inaning'inia.

Tajiri alikata hasara yake kwangu, mimi nikakata kwa wazamiaji. Mgomaji ana mshahara wa kuukosa. Mzamiaji wa Msimbati anakosa nini? Hajawahi kuwa nao. Halafu mnaniambia niwapigie makofi.

Mwanzisha uzi

Mzee wangu, hoja yako nzito na nimeipokea. Ila uchokozi kidogo: huyo tajiri aliyekata kwako, naye hukumkasirikia?

Mzee wa Kambakochi

Tajiri ananinunulia mwaka mzima. Hasira nyingine hazina faida.

Konda Mstaafu (Lindi)

Nimecheka jibu la mzee. Haya, mimi naleta ya barabarani.

10 Aprili 2015, Ijumaa. Pasaka ilikuwa tarehe 5, kwa hiyo abiria wa kurudi Dar walikuwa wamejaa stendi ya Lindi tangu saa kumi alfajiri. Madereva wa mabasi wakagoma nchi nzima. Walikuwa wanapinga kanuni ya kuwarudisha darasani kwa gharama zao kila wanapohuisha leseni, na juu ya hilo wakadai mikataba ya ajira. Ubungo polisi walipiga mabomu ya machozi. Sisi hatukupigwa bomu, tulipata bi mkubwa mmoja mwenye kuku kwenye tenga. Alimfuata dereva wangu mpaka chini ya mwembe: "Mwanangu, kuku hawa wa mjukuu wangu Temeke, wakinifia nakudai wewe." Dereva akamwamkia vizuri, akamwambia, "Bibi, mimi nikifia barabarani mama yangu atamdai nani? Mkataba sina." Bibi alimtazama sana. Kisha akaniagiza mimi, siyo dereva, nikamletee maji ya kuku.

Abiria vijana ndio waliokuwa wakali, wanapiga bodi la basi kwa ngumi. Ajabu ni kwamba mwenye basi alikuwa yupo mjini, anajulikana kwake, na hakuna hata mmoja aliyekwenda kumgongea. Mei 4 madereva wakagoma tena kwa sababu ya mikataba ileile.

Ndiyo maana Agosti 2025 niliposikia wahudumu wa ndege wa Air Canada wamegoma nilifuatilia kama mpira. Zaidi ya watu 10,000, katikati ya likizo za kiangazi. Dai lao kubwa: hawalipwi ipasavyo kwa kazi wanayofanya ndege ikiwa bado chini. Serikali ikawaamuru warudi kazini, wakakaidi, wakamalizana na kampuni tarehe 19. Sasa niulizeni mimi: kupanga mizigo kwenye buti, kumtoa mlevi kiti cha mbele, kutafuta mtoto aliyepotea stendi. Konda alilipwa gari likitembea tu. Wazungu wamegundua leo.

Mchokozi wa Kilwa

Nyie mnahangaika na migomo ya binadamu. Kusini mvua inagoma yenyewe, haina chama wala notisi. Mei 2024, Kimbunga Hidaya: barabara ya Dar ikakatika maeneo ya Somanga, malori na mabasi yamepanga mstari huku na huku. Viti vya ndege Mtwara vikawa vya kugombania kama mchele wa msibani. Nani mlimkasirikia? Mungu? Mlimsema mkandarasi!

Konda Mstaafu

Na tulikuwa na haki.

Mdogo Mtu (Newala)

Kaka yangu anasoma Hamburg. Machi 2025 ulikuwa mwezi wa Ramadhani, akapanga aje afunge nusu iliyobaki nyumbani na Idi tuwe wote. Chama cha wafanyakazi cha Verdi kikatangaza mgomo wa Jumatatu tarehe 10 kwenye viwanja 13 vya Ujerumani. Yeye mjanja, akabadilisha tiketi aondoke Jumapili. Jumapili asubuhi wafanyakazi wa Hamburg wakagoma bila kutangaza, tena ndiyo mwanzo wa likizo za shule kule, familia zimejaa na watoto.

Anasema wa Jumatatu hakuwa na kinyongo nao, walisema mapema akajipanga. Wale wa Jumapili ndio waliomuudhi, kwa sababu aliwaamini. Alifuturu kwa tende alizokuwa ametuletea sisi. Nyumbani mama alikuwa ameshaandaa ming'oko, vile viazi pori vyetu, na kila aliyepita barazani alielezwa kosa la Wajerumani.

Mbeba Mizigo

Nafanya kazi kwenye kiwanja kimoja hapa nchini. Sikitaji, mnaelewa.

Watu huuliza mbona huku hatugomi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inaruhusu mgomo, ila si kwa kila mtu. Uongozaji wa ndege na mawasiliano ya usafiri wa anga vimewekwa kwenye huduma muhimu, kapu moja na maji, umeme, afya na zimamoto. Aliye mnarani hagomi, mgogoro wake unapelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA. Sisi wa mizigo hatumo kwenye kapu hilo, lakini lazima mpitie usuluhishi kwanza, mpige kura, na mwajiri apewe notisi ya saa 48.

Hayo ni ya kwenye karatasi. Kwenye uwanja wengi wetu si waajiriwa wa kiwanja wala wa shirika la ndege, tuko chini ya mkandarasi kwa mikataba mifupi. Ukigoma Desemba, Januari mkataba unakwisha wenyewe, hakuna aliyekufukuza. Kwa hiyo abiria akiona kila siku ndege zinaondoka asidhani wote tumeridhika.

Na Mzee wa Kambakochi, boksi zako ndizo tunazobeba. Barafu ikivuja inatuingia mgongoni. Hilo nalo halina posho.

Mzee wa Kambakochi

Nimekusikia, mwanangu. Barafu nitaagiza wafunge nailoni mbili.

Mwanzisha uzi

Hapa niseme langu, kwa kuwa wengi mmeniuliza nimesimama wapi. Mimi nasimama na kaka wa Hamburg. Mgomo uliotangazwa nauvumilia hata ukinigharimu, kwa sababu unanipa nafasi ya kuhama siku au kuhama njia. Wa ghafla siku ya watoto wa shule, hapana, hata dai liwe zuri namna gani.

Wapo watakaosema wangekatazwa kabisa sikukuu. Italia wamefanya hivyo: usafiri wa anga haugomi kati ya 27 Julai na 5 Septemba, wala kati ya 17 Desemba na 7 Januari. Kwa msafiri ni raha. Lakini najiuliza mfanyakazi akigoma Februari ndege zikiwa nusu tupu, nani atamjali? Uingereza Krismasi ya 2022 maofisa wa ukaguzi wa pasipoti waligoma Heathrow, Gatwick na kwingine, jeshi likaingizwa kugonga mihuri. Wote walitarajia kiama. Abiria wakatoka wanasema foleni imekwenda haraka kuliko siku za kawaida! Sasa hapo mgomaji amepata au amekosa? Mzee wa "wafukuzwe wote" nilipomsimulia hilo alifurahi sana, kijana wa kahawa akasema wale askari Januari walirudi kambini na foleni zikabaki palepale.

Wakala wa Tiketi (Masasi)

Nimesoma kimya, naona hasira zimejaa ila haki zenu hamzijui. Ndege inayoondoka nchi za Umoja wa Ulaya inabanwa na Kanuni 261 ya 2004. Wakigoma wafanyakazi wa kiwanja, shirika halilazimiki kukulipa fidia ya fedha taslimu, ila linalazimika kukulisha, kukulaza, na kukupa safari nyingine au kukurudishia nauli. Wakigoma wafanyakazi wa shirika lenyewe, mahakama ya Ulaya imeshasema fidia inaweza kudaiwa. Kwa hiyo swali la kwanza pale kaunta ni nani amegoma, na majibu uombe kwa maandishi, hata ujumbe wa simu unatosha.

Bima ya safari kateni mapema. Ukiinunua baada ya mgomo kutangazwa mara nyingi hawalipi. Na kwa safari za hapa nchini, malalamiko ya ndege yapo kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Usafiri wa Anga, ya mabasi anzeni LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini. Msiishie kumtukana kijana wa kaunta.

Binti Nachingwea

Na sisi wa Nairobi je? Ulaya haituhusu.

Wakala wa Tiketi (Masasi)

Kuna Mkataba wa Montreal wa 1999, na India, Kenya na Tanzania zote zimo. Unaruhusu kudai hasara ya kucheleweshwa ndani ya miaka miwili tangu siku mliyotakiwa kufika. Shirika litajitetea kwamba lilifanya kila lililowezekana, ndipo kule kunyamaza kwao kutwa nzima kunakusaidia. Lakini hasara uithibitishe. Risiti za siku ile unazo?

Binti Nachingwea

Ninayo ya maji na chapati mbili, na ya gesti ya Dar tuliyolipa bila kulala.

Wakala wa Tiketi (Masasi)

Ya gesti ndiyo ya maana. Nitumie zote inbox, na tiketi, leo kabla sijafunga ofisi.