Ligi ya boling ina hendikapu, halafu namba moja anapewa aliyepangiwa vibonde?

Wakuu habari za leo, nimekuja na hasira zangu mnivumilie. Niko Columbus, Ohio, na kila Jumanne jioni tukitoka kazini tunacheza ligi ya boling, ya kujifurahisha tu, timu za watu wanne wanne, tunaanza Septemba tunamaliza Aprili. Mimi mtoto wa Tabora huu mchezo wa kuangusha pini nimeujulia ukubwani lakini umeniingia kweli, mpaka mpira wangu nimenunua, viatu vya kukodi nilishaviaga.

Sasa imebandikwa orodha ya mchezaji mmoja mmoja, mimi wa kumi na tisa, na namba moja ni jamaa wa timu yangu hiyo hiyo! Wastani wangu pini 158 kwa gemu, wake 151. Yaani kavukavu bila hendikapu, zile pini za nyongeza anazopewa mwenye wastani mdogo, namzidi, halafu kwenye karatasi simuoni hata kisogo.

Nikamfuata katibu, akanambia "tunahesabu pointi". Maana yake ni hivi, kila mtu anapambanishwa na mwenzake wa nafasi ile ile timu pinzani, ukimshinda gemu moja pointi moja, usiku mmoja gemu tatu. Haya, mimi nacheza nafasi ya nne, ya mwisho, na kila mtu anayejua boling anajua nafasi ya mwisho timu inamweka mkali wake. Kila wiki nakutana na mashine, mtu anapiga straiki, yaani pini zote kwa mpira mmoja, tatu mfululizo huku anatafuna chipsi. Jamaa yangu anafungua, nafasi ya kwanza, anakutana na mashemeji walioletwa kujaza timu.

Mtaniambia hendikapu si ipo. Ipo ndio, lakini yetu ni asilimia 90 ya kinachopungua kwenye wastani wako kufika 220, pigeni hesabu wenyewe. Mimi wa 158 napewa pini 55, mashine wa 202 anapewa 16, kwa hiyo nimeongezewa 39 juu yake wakati tofauti yetu halisi ni 44. Pini 5 zimeliwa kabla sijagusa mpira, kila gemu, msimu mzima. Kwa timu sina neno, nafasi zinafidiana, lakini ukimpanga mtu mmoja mmoja kwa pointi hizo hizo unampima kwa aliyepangiwa, humpimi yeye.

Na hapo sijagusa wasiofika. Mpinzani asipotokea unacheza na wastani wake ukitoa pini 10. Jamaa amevuna pointi kibao kwa watu waliokuwa wamelala kwao!! Mimi mashine wangu hakosi hata siku ya barafu.

Kinachoniuma zaidi ni wiki ya kwanza. Jamaa alikuja hana wastani, akapiga 118, 125, 121, mara mkono unauma, mara laini, ile njia ya mpira, ina mafuta mengi, tukamuonea huruma. Wastani 121, hendikapu 89. Wiki ya pili mkono umepona ghafla, 171, 165, 180. Ongeza 89 kwenye hiyo 180 ni 269 na ndiyo gemu kubwa ya hendikapu mpaka leo, haijavunjwa. Wiki ya tatu wastani ukapanda 146, hendikapu ikashuka 66, sawa, mfumo ulijirekebisha, ila zawadi ya gemu kubwa ilishaingia mfukoni na inalipwa kwa ada zetu za kila wiki. Sisemi alifanya makusudi, ni mshkaji wangu na lifti ya kurudi nyumbani ananipa yeye, lakini mtu anayechechemea siku ya kupimwa tu na wewe ungemuwaza nini?

Ninachotaka si kikubwa. Mtu apangwe kwa pini alizopiga juu ya wastani wake mwenyewe, wastani usihesabike mpaka afikishe gemu 9, na gemu aliyocheza na mtu hewa isiingie. Katibu anasema hiyo hesabu ndefu, wakati kompyuta ndo inahesabu, yeye kazi yake kubonyeza na kubandika.

Wenye ligi huko mliko, nyie mnapangaje mtu mmoja mmoja? Wekeni kanuni zenu hapa maana kikao ni Jumanne kabla ya gemu, na kwenda nitaenda na lifti ya huyo huyo jamaa.