Kuchagua chuo cha urubani wa ndege za majini: Florida, Kanada au Como?

Kozi wa Wilson

Wakuu, habari zenu. Nina leseni ya rubani wa biashara iliyotolewa na Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, na saa zangu karibu zote ni za Cessna zenye injini moja, nyingi katika viwanja vya vumbi vya kaskazini. Sasa nataka kuongeza kwenye leseni hiyo idhini ya ndege za majini, yaani zinazoruka na kutua juu ya maji, na lengo langu, niseme wazi, ni kazi ya kurusha ndege za abiria aina ya Twin Otter katika visiwa vya Maldives. Nimelinganisha vyuo vya Florida, vya British Columbia huko Kanada, na klabu ya urubani ya Como nchini Italia, na kila kimoja kinajisifu. Aliyepitia njia hii anishauri: nitazame bei, muda au jambo jingine?

Mzee wa Gati

Karibu, kijana. Mimi nilijifunza Florida, eneo la Winter Haven, ambako chuo cha Jack Brown kimekuwa kikifundisha tangu mwaka 1963 kwa kutumia Piper Cub, ndege ndogo za zamani zilizowekwa juu ya maboya, yaani vyombo vya kuelea vinavyokaa mahali pa magurudumu. Marekani haidai idadi maalumu ya saa kwa mtu mwenye leseni tayari, wala haimtaki afanye mtihani mwingine wa kuandika. Mkufunzi akiridhika, unaruka na mtahini, na wengi humaliza kwa siku mbili au tatu. Cub haina stata ya kuwashia injini, kwa hiyo mtu husimama juu ya boya, nyuma ya pangaboi, akalizungusha kwa mkono, na injini ikishika ndege inaanza kwenda hapo hapo kwa sababu majini hakuna breki. Somo hilo peke yake lina thamani ya nauli.

Zingatia lakini kwamba mwenye leseni ya kigeni hupewa kwanza cheti cha Marekani cha rubani binafsi kinachoegemea leseni yake ya nyumbani, baada ya mamlaka yao kuhakikisha kwa mamlaka yetu kuwa leseni hiyo ni halali. Uhakiki huo uanze mapema, kabla hujakata tiketi. Na usidhani cheti hicho kitakuruhusu kulipwa.

Bint Kilindini

Namheshimu Mzee, ila kwa lengo hili sikubaliani naye. Idhini ya siku mbili ni nzuri kwa mtu anayetaka kuonja. Mtafuta kazi ataulizwa ana saa ngapi za majini, na ukiwa na tano tu mazungumzo yanaishia hapo. Kanada inadai angalau saa 7 za mafunzo, 5 kati yake ukiwa na mkufunzi, na lazima uruke na kutua mara 5 ukiwa peke yako ndani ya ndege. Sharti hilo la mwisho ndilo ninalolipenda. Vyuo vingi vya Marekani havikupi ruhusa ya kuruka peke yako kwa sababu ya bima, hivyo unaweza kurudi na idhini mkononi bila kuwahi kuileta ndege gatini mwenyewe, na kuifikisha gatini kwenye upepo wa ubavuni ndiko mabawa yanakovunjikia. Vyuo kadhaa vya Kanada vina pia kozi ya saa 50 kwa wanaotafuta ajira. Ni ghali, sikatai, lakini ndiyo inayosomeka mbele ya mwajiri.

Kabla ya bei, uliza aina ya maji utakayofundishiwa. Ziwa dogo lililozungukwa na nyumba halikufundishi maji kupwa na kujaa, wala mkondo unaokuvuta upande huu huku upepo ukikusukuma upande ule. Uliza pia wanafundishaje kutua kwenye maji shwari kabisa. Wageni hudhani hayo ndiyo maji rahisi, kumbe ndiyo yanayoua, kwa kuwa jicho halipati alama ya kupimia kimo: rubani hudhani bado yuko juu akajipigiza, au hudhani amefika akainua pua mapema mno. Mkufunzi mzuri atakuambaza na ufuo ili nchi kavu ikupe kipimo, atakuwekea pua na nguvu ya injini ili ndege ishuke takriban futi 150 kwa dakika, kisha atakukataza kugusa chochote hadi maboya yaguse maji. Mkufunzi asiyeweza kukueleza hayo kwa simu, mwache.

Msafiri wa Ziwani

Como ni pazuri, na upepo wake una ratiba: Tivano hushuka kutoka kaskazini asubuhi, Breva hupanda kutoka kusini mchana, kwa hiyo utajifunza hali mbili kwa siku moja. Kanuni za Ulaya hudai saa 8 na mkufunzi kwa mwenye idhini ya ndege za nchi kavu za daraja hilo hilo, kama wewe na injini moja. Ila idhini hiyo huandikwa kwenye leseni ya Ulaya. Kama huna mpango wa kuipata, umelipia mandhari.

Kuhusu Maldives, Twin Otter ina injini mbili, na idhini ya injini moja majini haikupi ruhusa ya kuirusha. Usijenge hesabu zako zote juu ya ajira hiyo kabla hujawauliza waajiri wa huko wanataka nini kwa mgeni.

Kozi wa Wilson

Nawashukuru nyote. Bint Kilindini, hayo ya saa 50 yamenielekeza Kanada, lakini kwanza nitaiandikia mamlaka yetu barua kuuliza idhini ya huko itaandikwaje kwenye leseni yangu. Je, ni busara niende majira ya joto, au nisubiri vuli ili nikutane na upepo mkali nikiwa na mkufunzi?

Bint Kilindini

Nenda Mei. Pepo za vuli zitakusimamisha ardhini siku nyingi, na malazi unayalipia hata ndege isiporuka.