Fensi ya tofali Isyesye, kiwanja 20 kwa 30 chenye mteremko: gharama naikadiriaje?

Mwenye_Kiwanja: Wakuu, salamu. Kiwanja kiko Isyesye, Mbeya, mita 20 kwa 30, bikoni (alama za mipaka) zote nne zinaonekana. Barabara iko chini upande wa mita 20, na kutoka nyuma hadi barabarani ardhi inashuka mita 2. Nataka ukuta wa tofali za saruji inchi 6, kimo mita 2, geti la mita 4 na mlango mdogo wa mita 1. Mafundi wawili wamenipa bei kwa mita ya urefu, mmoja karibu mara mbili ya mwenzake, na hakuna aliyesema msingi unakwenda chini kiasi gani. Naomba mnisaidie idadi ya vifaa, na niambieni wapi naweza kubana bila kuharibu kazi.

FundiNondo: Mkuu, bei ya mita ya urefu haina maana mpaka kimo, msingi na idadi ya nguzo viandikwe. Huenda hao wawili wamekutajia kuta mbili tofauti kabisa. Hesabu vifaa kwanza, bei baadaye.

Mzunguko ni mita 100, toa 5 za geti na mlango, unabaki na 95. Tofali ya inchi 6 ina urefu wa sm 45 na kimo sm 23. Weka mota (mchanganyiko wa saruji na mchanga) sm 2, inakuwa 47 kwa 25. Kozi moja, yaani mstari mmoja wa tofali, ni 95 gawa kwa 0.47, yaani tofali 202. Kozi 8 za kusimamisha zinakupa mita 2 kamili: 1,616. Msingini weka kozi 3 za kulaza: 606. Jumla 2,222, agiza 2,250. Usitoe sehemu zinazokaliwa na nguzo. Tofali utakazookoa hapo ndizo zitakazofidia zinazovunjika kwenye gari.

Msingi uchimbwe upana sm 50, kina sm 60, zege la chini unene sm 10 kwa 1:3:6 (saruji, mchanga, kokoto). Hiyo ni mita za ujazo 4.75, saruji mifuko 21. Kujengea kwa 1:6, kadiria mfuko mmoja kwa tofali 60: mifuko 37. Nguzo kila mita 3, ukijumlisha za kona na za mlango zinafika 35, kila moja sm 15 kwa 20, zianzie kwenye zege la msingi na siyo juu ya tofali. Nondo nne za mm 10 zenye mita 3 kila moja ni mita 12, kwa hiyo nondo moja nzima inatoa nguzo moja. Rahisi kukumbuka na rahisi kumkagua fundi. Mkanda wa chini (boriti ya zege inayozunguka juu ya msingi) nondo nne za mm 10, utakula nyingine 35. Ringi za kufunga nondo, za mm 6: nondo 46 kwa nguzo na mkanda. Nguzo mbili za geti zifanye 30 kwa 30 kwa nondo za mm 16, moja nzima kwa kila nguzo. Zege la nguzo zote na mkanda kwa 1:2:4 ni kama mita za ujazo 7, mifuko 45.

Saruji jumla 103. Mchanga mita za ujazo 13, kokoto karibu 11. Tipa inayobeba 4.5 itakuja mara tatu kwa mchanga na mara tatu kwa kokoto. Lipu haimo humo: upande mmoja ni mita za mraba 190, ongeza mifuko 20.

Mpimaji_Uyole: Hesabu ya FundiNondo ni ya ardhi tambarare. Kwako mteremko ndio utakaoamua. Ukitaka kichwa cha ukuta kiwe sawa kuzunguka kote, ukuta wa barabarani utafika mita 4 na wa pembeni wastani wa mita 3. Hilo ni ongezeko la mita za mraba 90, tofali kama 765, na nguzo za mm 10 hazitoshi tena kwa kimo hicho. Usifanye hivyo. Shusha kwa ngazi: mita 2 ni ngazi 8 za tofali moja moja, yaani kila mita 3.75. Bora usogeze nguzo zikae hapo hapo kwenye ngazi ili kila hatua ianzie kwenye nguzo. Msingi nao ushuke kwa ngazi, zege la juu lilalie la chini angalau sm 30. Usikubali mtaro unaofuata mteremko. Ukuta utateleza polepole na kupasuka mshazari. Kwa ngazi ongeza tofali 65 tu.

Upime kwa mpira wa maji, siyo kwa macho. Mpira mwembamba unaoonyesha maji, hakikisha hauna mapovu ndani.

Geti pia. Kiwanja kinapanda kuelekea ndani, kwa hiyo geti la kufungukia ndani litagonga ardhi kabla halijafika nusu. Ama uchimbe na kusawazisha mita 2 na ushee ndani ya geti (mabawa mawili ya mita 2), ama uweke la kuteleza, ambalo linataka ukuta ulionyooka wa zaidi ya mita 4 pembeni. Una mita 15 zilizobaki mbele, inatosha hata geti likikaa katikati.

MamaHardwea: Kabla hujalipia tofali, muulize mfyatuaji mfuko mmoja unatoa tofali ngapi za inchi 6. Akikwambia zaidi ya 35, unanunua mchanga uliokauka. Dondosha tatu kutoka usawa wa kiuno kwenye ardhi ngumu. Ikipasuka zaidi ya moja, tafuta kwingine.

Na ujue bei ipi inakuumiza. Shilingi 100 zaidi kwenye tofali ni 225,000 kwa kazi yako. Shilingi 1,000 kwenye mfuko wa saruji ni 103,000. Kwa hiyo bishana zaidi kwenye tofali, na uulize kama bei ni ya kiwandani au ya kufikishwa, maana barabara za huko zikilowa tipa linagoma kupanda na unalipa wa kubeba kwa mikono.

Mwenye_Kiwanja: Asanteni sana. Vipi tofali za kuchoma? Huku zipo nyingi na moja ni bei ndogo. Na je, mkanda wa chini ni lazima? Fundi mmoja anasema fensi haihitaji.

Mzee_wa_Tanuri: Bei ya moja inadanganya, kijana. Tofali ya kuchoma ya 22 kwa 11 kwa 7, ukijenga ukuta wa nusu tofali, ni kama 50 kwa mita ya mraba, lakini unene wa sm 11 kwa kimo cha mita 2 ni mwembamba mno kwa upepo wa huko. Ukijenga tofali nzima ni 100 kwa mita ya mraba, yaani 19,000 kwa fensi yako bila msingi. Halafu kila tanuri lina kipimo chake, pima kumi ndipo uhesabu. Wanaojengea udongo wa kawaida na kuziba nje kwa saruji, mvua za masika zinawala kuanzia chini ambako maji yanaruka. Ziloweke kabla ya kujenga, vinginevyo zinanyonya maji ya mota na haishiki.

FundiNondo: Kwenye tambarare ngumu mkanda ungeweza kuuacha, hilo nakubali. Kwako, hapana. Msingi wa ngazi unashuka tofauti tofauti, mkanda ndio unaoushika pamoja. Ukitaka kubana, acha lipu ya nje mwaka huu. Usipunguze nguzo.

Mpimaji_Uyole: Naongezea: maji yote ya kiwanja yatakuja kwenye ukuta wa barabarani. Acha mabomba ya inchi 2 kozi ya kwanza juu ya ardhi, kila mita 2, na mlango wa maji mkubwa kidogo kwenye kona ya chini. Udongo usilundikwe kwenye ukuta kuzidi sm 50. Ukizidi hapo unataka ukuta wa mawe, kazi nyingine kabisa. Jenga kati ya Juni na Oktoba, na zege la nguzo ulimwagie maji siku 7, hata Julai kwenye baridi ambako fundi atakwambia halikauki haraka kwa hiyo halihitaji.

MamaHardwea: Kwa ufundi, mwambie kila mmoja akuandikie bei vipande vipande: kuchimba kwa mita, zege la msingi, kujenga kwa tofali, nguzo kwa moja, mkanda kwa mita. Na nani analeta mbao za kumwagia zege na maji. Utaona tofauti ya hao wawili imejificha wapi. Kibali cha ujenzi ulizia jiji kabla ya kuchimba, na bikoni zisifukiwe.

Mwenye_Kiwanja: Nimeelewa. Kesho napima mteremko kwa mpira, nikipata namba nyingine nitarudi nazo hapa.