Walioweka tailizi za maua jikoni, tupeane uzoefu kabla sijatoa hela

Habari zenu wakuu. Nipo Tegeta, nyumba iko hatua za mwisho, jikoni granaiti ya kaunta imeshakaa, nimebakiza ule ukuta kati ya kaunta na kabati za juu, urefu mita tatu na nusu hivi na kimo sentimita 60. Jumamosi nimeshinda Kariakoo mpaka miguu imevimba, nikaona zile za maua ya bluu na nyeupe, mtindo wa Kimoroko, zile kila moja ina sentimita 20 kwa 20, moyo ukabaki palepale dukani. Baba watoto anataka nyeupe tupu, anasema maua ni ya chooni. Sasa jamani picha za mtandaoni nimeziona za kutosha, namtaka mtu ambaye ameshasugua mafuta ya kukaangia nyuma ya jiko mwaka mzima aniambie ukweli.

Mama Pacha
Dada yangu mimi hapa, nakaanga maandazi ya biashara kila siku saa kumi alfajiri kwa hiyo naongea kitu nakijua. Niliweka maua kama hayo unayosema, mazuri mno, wageni walikuwa wanapiga picha. Tatizo langu halikuwa maua, ni kwamba zile zangu hazing'ai, zina ule ukwaruzo ukipitisha mkono, basi mafuta yanaingia humo na vumbi linakuja kukalia juu, kitambaa hakitoshi mpaka brashi. Na grauti, ile ya kujazia mianya kati ya tailizi, nilichagua nyeupe pee, nilikuwa mjinga, ndani ya miezi mitatu nyuma ya jiko ikawa rangi ya chai ya maziwa na kule kwenye sinki imebaki nyeupe, yaani ukuta mmoja una rangi mbili. Ningeanza upya ningeweka maua hayohayo ila ya kung'aa, na grauti ya kijivu. Omba dukani kipande kilichovunjika, wanavyo vingi, upake mafuta na manjano ulaze mpaka asubuhi ndo ufute uone.

Mjengoni
Mimi ni fundi, ngoja niseme upande wetu maana lawama zote huwa zinatuangukia. Mwaka jana niliitwa kurekebisha jiko la mtu, tailizi zinadondoka moja moja usiku, familia ilishaanza kusema nyumba ina majini. Nikagonga kwa kidole zinalia kama kopo tupu. Kubandua nikakuta mambo mawili, kwanza ukuta ulikuwa na rangi ya mafuta na jamaa kabandika juu yake bila kuuchokora na tindo, saruji itashika wapi? Pili alikuwa anaweka mabonge matano, moja kila kona na moja katikati, halafu anasukuma. Hewa imejaa nyuma. Gundi inasambazwa yote kwa kile kibao cha meno.

Na hizi za udongo zinazokunywa maji, kama fundi anatumia saruji ya kawaida lazima aziloweke kwanza, asipoloweka zinanyonya maji yote ya saruji na haikazi. Poseleni, zile tailizi ngumu, yenyewe hainywi maji, hiyo usikubali abandike kwa saruji, nunua gundi yake.

Hesabu yako dada: 3.5 mara 0.6 ni skwea mita 2.1. Kwa saizi ya 20 kwa 20 ni vipande 25 kwa skwea mita, kwa hiyo 53, ongeza vya kukata na kuvunjika sema 60, halafu weka na vichache stoo. Maua yana hasara kuliko nyeupe kwa sababu ukikata kipande ua linakatika, huwezi kukichomeka popote. Angalia namba ya toleo ubavuni mwa boksi, zote zifanane, tofauti ya rangi dukani huioni ila ukutani taa ikiwaka utalia.

Bint Kisauni
Mie ni mpangaji huku Mombasa, mwenye nyumba hataki kusikia habari ya kugonga ukuta, basi nikanunua zile karatasi za plastiki za kubandika zina mchoro wa tailizi. Siku ya kwanza nilijiona niko hotelini wallahi. Wiki ya pili napika biriani, meko ya gesi iko karibu na ukuta, nikasikia harufu, kugeuka naona imejikunja kama papadi! Nikabandua ile ya nyuma ya meko nikasimamisha bati la stenlesi. Kwengine kote imekaa vizuri hadi leo, upande wa sinki sina malalamiko.

Baba Watatu
Mimi nilitaka ukubwa nikaweka marumaru ya jiwe lenyewe, siyo kigae. Wife kakamua ndimu ya samaki, matone yakaruka ukutani, hakuna aliyejali. Kesho yake kuna madoa yamefifia kama mtu kapiga msasa. Nikadhani ni uchafu nikasugua na siki, nikaongeza balaa. Kumbe lile jiwe ni jamii ya chokaa, ndimu na siki zinalila. Kulipaka dawa ya kuzuia madoa kunasaidia mafuta yasiingie ila ndimu bado inakula. Sisi watu wa pwani na ndimu utatutenganishaje? Nimehamishia ubao wa kukatia dirishani.

Mjengoni
Nilisahau, soketi. Tailizi ikipanda ukuta unanenepa, skurubu za zamani zinakuwa fupi, nunua ndefu kabisa usije ukafunga soketi inacheza. Na umeme uzimwe kwenye meni swichi wakati wa kukata hayo matundu, kuna watu wanaringa. Mwambie fundi wako aanzie katikati ya ukuta, pale nyuma ya jiko, aende pembeni, vipande vilivyokatwa viishie kona ambako hakuna anayeangalia.

Mwenye uzi
Asanteni sana. Mrejesho: nilirudi Kariakoo nikaomba vipande viwili, nikavipaka manjano na mafuta ya nazi, nikaviacha usiku kucha juu ya friji. Yale maua niliyoyapenda yamekunywa manjano, yaani nimesugua mpaka kucha imeuma. Kipande cha pili, maua pia ila yanang'aa, manjano yametoka kwa kitambaa kimoja. Tumekubaliana na baba watoto: maua nyuma ya jiko tu, huku na huku nyeupe, grauti ya kijivu. Fundi anaanza Jumatatu. Nimemwambia aanzie katikati, kaniangalia mpaka nikamuuliza kama anataka chai.